Leo Mkono Umeamka Vizuri

4 Februari

Mdogo wangu Kitindamimba,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Sisi huku wazima. Shemeji yako bado yuko safarini na lori lake. Akirudi analala siku nzima, halafu anaamka anaulizia chakula kana kwamba sisi ndio tuliomchelewesha. Mpwa wako ameng'oka meno ya mbele na sasa akicheka anaziba mdomo kwa kiganja, eti mjomba asije akasikia. Mimi na cherehani yangu ni wale wale. Shule zinafunguliwa, kwa hiyo nashona sare mpaka nikifumba macho naona marinda ya sketi.

Mashine ya kunyolea uliyomtumia Baba imefika salama. Ameishukuru, ameigeuzageuza, akasema ni mashine ya maana. Kisha akairudisha kwenye boksi lake na kuiweka chini ya meza ya duka. Hajaiwasha.

Utauliza kwa nini naandika barua kama watu wa zamani wakati simu ninayo. Simu na wewe, ndugu yangu, haiwezekani. Kila nikikupigia unanivunja mbavu kabla sijasema lililonileta. Nakata simu huku nacheka, halafu nakumbuka neno langu bado ninalo. Sasa hapa hunikatizi. Soma mpaka mwisho.

Baba amekisikia kile kichekesho chako cha kinyozi.

Ilikuwa asubuhi, duka limejaa. Fundi saa alikuwa kwenye kiti, povu mashavuni, na kijana mmoja kwenye benchi alikuwa anatazama simu yake na kujipiga mapaja kwa kicheko. Baba akatega sikio. Akasema hiyo si sauti ya mwanangu? Hebu ongeza tusikie wote. Mimi nilikuwa upande wa pili wa mlango, kwenye cherehani yangu, na sindano mdomoni. Kile kichekesho nilishakiona zamani, na kila siku nilikuwa naomba Mungu kisimfikie. Nilinyanyuka, nikachelewa.

Baba alicheka. Hilo ndilo linaloniua mpaka leo. Hakujua kwamba ni yeye. Alimcheka yule kinyozi anayewinda kidevu cha mteja kama anayefukuza kuku, na mteja aliyening'inia kwenye kiwiko chake roho mkononi huku akiaga wanawe. Alicheka mpaka akaegemea kioo. Akamwambia fundi saa, mtoto huyu ana kipaji, sijui kinyozi wa namna hii kamwona wapi. Ndipo ukasema kwa sauti yake, yale maneno yake mwenyewe anayomwambia kila mteja: "Tulia, leo mkono umeamka vizuri."

Akaacha kukiegemea kioo, akasimama wima. Fundi saa alikuwa ameshamshika kiwiko, kama kawaida yao. Wewe unalijua jambo hilo, umekulia mle dukani ukifagia nywele. Mkono wa Baba ulipoanza kutetemeka, wateja wake wa zamani hawakuhama. Mmoja alimshika kiwiko siku moja, bila neno, Baba akanyoa mpaka akamaliza. Wa pili akafanya hivyo hivyo. Tangu hapo ndivyo duka letu linavyofanya kazi: anayekaa kwenye kiti ananyanyua mkono, anakishika kiwiko cha kinyozi, na wananyoa wawili. Hakuna aliyewahi kulizungumza. Hata nyumbani neno kutetemeka hatulitamki, tunasema mkono umechoka.

Siku hiyo Baba alikitoa kiwiko chake taratibu mikononi mwa fundi saa, akamwomba radhi, akamfuta povu kwa taulo. Fundi saa alivuka barabara na shavu moja limenyolewa.

Nakuomba kitu kimoja. Kiondoe. Unavyo vichekesho vingine tele. Msimange mume wangu na usingizi wake, nakupa ruhusa mbele ya mashahidi. Niseme hata mimi na miguu yangu mikubwa. Hicho kimoja tu, kiondoe.

Dada yako


27 Februari

Dada,

Shikamoo. Na Baba mpe shikamoo yake, umwambie ni ya motomoto. Mimi nipo, nimekonda kidogo lakini kwa makusudi. Chumba changu kiko juu ya karakana ya mchomeleaji vyuma, kwa hiyo hata nikilala naona cheche. Mwenye nyumba ni mama mmoja mkali ajabu; nikichelewesha kodi kidogo tu ananisimamisha ngazini na kuniambia, wewe Upupu, leo sicheki. Ndiyo, hata yeye ananiita kwa jina la jukwaani. Jina langu la nyumbani limebaki kwenu.

Barua yako nimeisoma mpaka mwisho, kama ulivyoamuru. Nimeisoma na mara ya pili.

Sasa nisikilize na mimi. Sikumtaja Baba. Sikutaja mtaa, sikutaja duka, sikusema ni nani. Huku watu wanajua ni kinyozi tu, yeyote yule. Nilipoanza kazi hii nilikuwa nasimama pale nasema habari za foleni na wakwe, watu wanainuka kwenda kununua soda. Siku nilipomleta kinyozi, ukumbi ulilipuka. Siku hizi nikipanda tu, kabla sijafungua mdomo, wenyewe wanaanza: leo mkono umeamka vizuri! Dada, watu mia kadhaa wanasema maneno ya Baba yetu kwa pamoja. Mimi pale huwa nasisimka mwili. Sioni kama ni matusi. Naona kama ni heshima, ila wewe najua hutanielewa.

Halafu fikiria. Leo nimwondoe kinyozi kwa sababu Baba ameumia. Kesho niwaondoe wanene kwa sababu ya shangazi. Keshokutwa mheshimiwa mmoja aje aseme na mimi nimeumia, niondoe. Nitabaki na nini? Nitapanda jukwaani niwasalimie watu, nishuke. Mchekeshaji akianza kuuliza nani atanuna, bora akauze mkaa. Ninyi mnaonipenda mkishanichagulia la kusema, wasionipenda watanichagulia pia, na hao hawataniandikia barua.

Na usinifanye kama simpendi Baba. Niliusoma mkono ule kuliko mtu yeyote. Ninajua unavyoanza kwenye kidole gumba. Ninajua anavyoubana kwenye aproni ukimzidi. Mtu asiyependa hawezi kuiga hivyo.

Hukuniambia alisema nini baadaye. Niandikie alisema nini.

Mdogo wako


2 Aprili

Mdogo wangu,

Nimekawia kukujibu, nisamehe. Mpwa wako alishikwa na homa, sasa amepona na jino moja limeanza kuchungulia. Shemeji yako amerudi, amelala, ameondoka. Mvua zimenyesha sana. Paa linavuja juu ya kitanda changu tu, sijui nimelikosea nini.

Umeuliza Baba alisema nini baadaye. Acha nikueleze alichofanya.

Unasema hukutaja mtaa. Watu walitaja wenyewe. Kuna mtu aliyewahi kunyolewa hapa akaandika chini ya kile kichekesho, huyu kinyozi mimi namjua, nendeni mkamwone. Wakaja. Vijana watatu watatu, wanne wanne, nywele wamenyoa jana, wanakaa kwenye benchi wameshika simu zao juu kama wanaosoma. Wanangoja mkono. Wakati mwingine mmoja anasema yale maneno, wengine wanainama kwa kicheko. Mimi nimewafukuza kwa mkasi wa kitambaa, wamenichukua na mimi picha. Watoto wa shule wakipita wanayapaza dirishani. Hawamjui Baba, hawana ubaya naye. Wimbo ni wimbo.

Baba akaanza kukataa kushikwa. Fundi saa akinyanyua mkono, Baba anarudi nyuma hatua moja. Dereva wa basi, mteja mwingine wa zamani, naye vivyo hivyo. Wote wanatazama sakafu. Unajua, hao wazee hawakubadilika hata chembe, wangemshika mpaka siku ya mwisho. Ila Baba sasa haamini tena kama mtu anayemshika hacheki moyoni. Nami siwezi kumlaumu, kwa sababu na yeye alikicheka.

Wiki iliyopita alikuja mwalimu mstaafu, yule aliyekufundisha kusoma. Akakaa, akashika kiwiko. Baba akamwambia, "Niachie, mwalimu. Leo nanyoa mwenyewe." Mwalimu akasita, akaachia. Nilikuwa mlangoni, nikataka kupiga kelele nikajizuia, nikaogopa kumshtua. Akamkata chini ya taya. Si jeraha kubwa, lakini damu ya usoni huwa nyingi, ikashuka mpaka kwenye kola ya shati jeupe. Mwalimu alichukua taulo akajibana, akasema hewa ni nzito leo, mvua itanyesha tena.

Baba aliosha wembe. Aliukausha, akaufunga kwenye kitambaa chake. Akamsindikiza mwalimu mpaka barabarani, akarudi akateremsha mlango wa bati mchana kweupe. Tangu siku ile haujapandishwa. Fundi saa anakuja kila asubuhi na kusimama mbele yake kidogo, kisha anakwenda zake kazini.

Unaandika kwamba uliusoma mkono ule. Sasa kitabu kimefungwa. Nisamehe, nina hasira. Nimejaribu kuandika barua hii bila hasira na nimechana karatasi nyingi.

Dada yako


20 Mei

Dada,

Shikamoo. Natumaini homa ya mpwa haikurudi. Mwambie meno ya mjomba ni mazima yote, kwa hiyo ananidai kicheko.

Nimepata barua yako. Siku hizi nimebanwa kidogo, ndiyo maana naandika kwa kifupi. Nimetunga kitu kipya kuhusu Mheshimiwa mmoja wa huku aliyezindua bomba lile lile la maji mara tatu, kila mara kwa mkasi mpya na utepe mpya, na maji hayajatoka. Watu walicheka mpaka wengine wakaogopa, unawaona wanatazama nyuma kwanza ndipo wanacheka. Mambo yamechangamka kiasi. Nimechukua mapumziko mafupi, nitaeleza siku nyingine.

Mwambie Baba asiuze kile kiti chake cha kunyolea.

Sijui niandike nini kuhusu mwalimu. Nimeandika nimefuta.

Mdogo wako


9 Juni

Kitindamimba,

Sisi wazima. Leo sina salamu ndefu, na kwa nini hukuniambia kwamba umefungiwa?

Mapumziko mafupi! Nimeyajua kutoka kwa mtu mgeni, nimesimama mlangoni na unga mikononi. Juzi lilikuja gari jeupe mpaka mbele ya duka. Akashuka bwana mmoja wa Bodi ya Maonyesho, suti nzuri, adabu nyingi. Akamwamkia Baba kama anamwamkia mkwe. Akasema ametumwa kumpa pole. Serikali, akasema, haiwezi kuvumilia kijana anayedhihaki wagonjwa na wazee, tena mzazi wake mwenyewe. Akasema wewe huruhusiwi kupanda jukwaa lolote tangu mwezi wa nne, kwa muda, na kilichobaki ni malalamiko ya mhusika tu ili marufuku iwe ya kudumu. Akatoa karatasi. Kila kitu kilikuwa kimeshaandikwa, bado sahihi.

Nakuambia kweli, maana sitaki uje kuisikia kwa mwingine. Nilimwambia Baba asaini. Nilisimama nyuma ya kiti chake nikasema, Baba, weka sahihi, aone na yeye kufungiwa mlango kukoje. Nilikuwa naliona lile bati lililoteremshwa, nikaona sahihi moja si kitu. Ningesaini mimi kama wangekubali.

Baba alimwuliza yule bwana kama anafuata habari za wachekeshaji siku nyingi. Bwana akasema ni kazi yake. Baba akamwuliza kichekesho cha kinyozi kina muda gani. Bwana akasema kinakaribia mwaka. Na cha bomba? Nilikuwa nimemsimulia. Hapo bwana akakohoa, akasema hilo ni jambo jingine. Baba akaendelea kumwuliza, kwa upole tu, kama anavyomwuliza mteja anataka ndevu ziishie wapi: mwanangu akiacha kunisema mimi na akaendelea kumsema huyo mwenye bomba, mtamwachia? Bwana akatazama mlango. Akasema, mzee, sisi tunakutetea wewe.

Ndipo Baba aliposema, "Mwaka mzima mlikuwa mnacheka pamoja na wengine. Mdomo ni wake, sitaufunga. Mkono ni wangu, nitauuguza mwenyewe."

Yule bwana hakuelewa. Alidhani Baba anasita kwa sababu ya kalamu. Akafungua mkoba, akatoa kidau cha wino, akasema kwa sauti ya huruma kwamba hata dole gumba linatosha, watu wengi wenye hali kama yake hutumia dole gumba. Sijawahi kumwona Baba amenyooka vile. Akamwambia, "Nimekataa. Sijashindwa."

Gari likaondoka. Baba aliniambia nirudi kwenye unga wangu. Hajanilaumu kwa nililosema, na mimi nimeona aibu mpaka leo, ingawa hasira na wewe ninayo bado. Usidhani imekwisha.

Dada yako


1 Julai

Dada yangu kipenzi,

Shikamoo, shikamoo tena. Wameniachia! Bodi haina mlalamikaji, na kunishtaki kwa ajili ya bomba wameona haya, kwa sababu hapo watu wote wangekwenda kulitazama. Wamenipa barua ya mistari miwili. Nimeibandika ukutani.

Barua yako niliisomea ngazini, nikalia mpaka mama mwenye nyumba akaniletea maji ya kunywa na kuniambia safari hii hanidai kicheko. Sikukwambia nimefungiwa kwa sababu niliona aibu. Niliona utasema nimeyataka mwenyewe. Nilikuwa nabeba vyuma vya mchomeleaji ili nile, mikono imejaa malengelenge, na bado nilikuwa naandika kwenu kama mtu aliye likizoni.

Baba amenisamehe, Dada. Mwenyewe kasema mdomo ni wangu. Angekuwa ameumia kama nilivyodhani, angesaini. Kalamu ilikuwa pale pale mbele yake. Nimewasimulia watu wote huku. Nimewaambia nina baba asiyepatikana madukani.

Juzi nimepanda jukwaani kwa mara ya kwanza. Kabla sijasema neno, ukumbi mzima ukasimama na kuanza yale maneno ya mkono. Walikuwa wamenisubiri muda mrefu. Nikawapa kidogo. Kidogo tu, Dada, dakika moja, kwa kuwa nilijua Baba ameshakubali. Mengine tutaongea uso kwa uso. Nakuja Agosti, nitakaa siku chache. Mwambie Baba ndevu zangu nazifuga, nataka anyoe yeye.

Mdogo wako


30 Agosti

Dada,

Shikamoo. Nilifika salama, basi liliharibika njiani mara moja tu. Asante kwa chakula cha safari, na mwambie mpwa nimeliona jino lake jipya na ni jino la heshima.

Nimekaa chumbani naizungusha safari ile kichwani na siipati. Nisaidie.

Nilipoingia nilimkuta Baba amekaa kando ya dirisha, shuka limemfunika mapajani, mikono yote miwili imo chini ya shuka. Joto lile! Nikampa mkono. Akasema karibu mwanangu, karibu sana, umekonda, na mkono haukutoka. Nikadhani anaumwa. Aliniuliza habari za safari, za chumba, za kazi. Aliniuliza kama bomba lile sasa linatoa maji, nikamwambia bado, akatikisa kichwa. Alicheka nilipomsimulia mama mwenye nyumba. Kila jambo aliniuliza vizuri, kwa upole, kama mtu anayempokea mgeni wa jirani.

Lakini hakula na mimi hata mara moja. Kila nikiitwa mezani, yeye ameshakula. Chai nilimletea mwenyewe, akasema iweke hapo ipoe, nikatoka, nikarudi, kikombe kikawa kimejaa vile vile. Nilipomwomba aninyoe aliniambia mtaani siku hizi kuna vinyozi vijana, wanajua mitindo. Nikapiga magoti mbele yake, uliniona, nikamwambia kinyozi nimemwacha, sitamwigiza tena maisha yangu yote. Na kweli nimemwacha. Juzi walipiga kelele wakitaka mkono, nikakataa, wakanizomea mpaka nikashuka. Baba yeye alinijibu asante, mwanangu, umefanya vizuri. Basi. Nilitaka anitukane, Dada. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi njia nzima. Nilitafuta hasira usoni mwake sikuiona.

Kwa nini hakula na mimi? Na lile shuka ni la nini? Kama bado kuna kosa sijaliomba radhi, liandike, nitaliomba. Nataka kuja tena Desemba.

Mdogo wako


21 Septemba

Mdogo wangu,

Salamu. Shemeji yako yupo safari hii, amenisaidia kuziba paa, na mimi nalala pakavu. Mpwa wako anakuigiza unavyotembea. Baba hajambo kwa kiasi chake. Mkono wa kushoto nao umeanza.

Barua yako imekaa chini ya kitambaa cha cherehani muda wote huu. Nilikuwa natafuta namna ya kukujibu isiyokuumiza, nikaona haipo. Hasira na wewe sina tena. Imeniishia siku ulipopiga magoti. Kwa hiyo haya usiyasome kama ya mtu anayekulipiza.

Siku uliyoondoka, basi lilipokata kona, Baba alilitoa lile shuka na kuomba chakula. Alikuwa na njaa. Muda wote uliokuwapo alikuwa anakula kidogo kidogo jikoni, ukiwa umelala au umetoka, nami nimesimama mlangoni nakuchunga. Ndiyo, mimi. Aliniomba, nikakubali. Sasa akala mbele yangu, nusu kinywani, nusu kwenye shati, bila kujali. Nikamwuliza, Baba, mtoto amekuomba radhi kwa machozi, kwa nini unamfanyia hivi? Akashangaa. Akasema hana neno na wewe, alikusamehe kabla hujaomba.

Nikamwuliza, basi shuka la nini?

Akasema, "Nikila mbele yake, atanichukua tena."

Nilimwambia umeapa. Akasema anajua, na kiapo anakiamini. Akasema hutafanya kwa ubaya. Siku moja utakuwa umesimama pale mbele ya watu, wamenuna, huna la kuwaambia, na jicho lako litakuwa limeshachukua kijiko chake kinavyokwenda mdomoni bila wewe kulituma. Akasema jicho lako limeumbwa hivyo na ndilo linalokulisha, na hataki mtu alifumbe. Yeye atajiondoa tu mbele yake. Aliyasema haya bila uchungu, kama anaeleza kwa nini anahama upande wenye jua.

Kila Jumamosi ananiuliza kama hujafungiwa tena. Nikimwambia bado unapanda jukwaani, anashukuru. Alisikia umemsema tena yule mwenye bomba, akafurahi sana. Anakupenda, ndugu yangu, usije ukasema hakupendi. Anakupenda na anakuogopa, na mimi nimeshindwa kukitoa kimoja nikaacha kingine.

Desemba njoo. Atakupokea vizuri kama mwanzo, na shuka litakuwapo. Usimwulize.

Kuna jambo jingine, na hili ndilo lililonichelewesha. Daktari amemweleza ugonjwa huu unavyokwenda, kwamba mwisho wake mwili mzima utashikwa, na kula, na kusema. Baba alinikalisha chini akaniomba ahadi. Siku akizidiwa, nisikupigie simu. Nikupigie akishatulia kabisa, mwili wote umetulia, ndipo uje umtazame kadiri unavyotaka. Nilibishana naye. Nililia. Nilimwambia ni mwanao wa mwisho, usimfanyie hivyo. Akangoja nimalize, akaniomba tena.

Nimemkubalia. Nakuandikia leo ili siku hiyo usije ukaniuliza kwa nini nilichelewa kukuita.

Dada yako